Chini ya Gunia: Kazi ya Kila Siku Inakuwaje Ibada?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa zetu kuna maneno ambayo hayakosi kusemwa: kazi ni ibada. Imamu huyasema kwenye hotuba, sisi huyatumiana kwenye simu, na wapo waliobandika maneno hayo kwenye kuta za maduka yao. Ni maneno ya kweli. Lakini mtu anaweza kuyafanya mto wa kulalia. Anaamka asubuhi, anafanya kazi yake kama alivyoifanya jana, anampunja mteja kidogo, anachelewa kidogo, kisha jioni anajiambia kwamba siku nzima alikuwa kwenye ibada.

Somo la toleo hili linauliza swali moja: ni kitu gani hasa kinachoigeuza kazi ya kawaida kuwa ibada, na mtu atajuaje kwamba imegeuka? Mifano nitaichukua hapa hapa kwetu Rusizi, kuanzia ziwani hadi Bugarama, kwa sababu dini hii haikuteremshwa kwa ajili ya watu wasiokuwa na kazi.

Msingi wa somo: nia

Wanazuoni wetu wa fiqhi wanasema kwamba moja ya kazi za nia ni kutenganisha ada na ibada. Ada hapa si ile karo tunayodaiwa kila muhula, ni yale mazoea ya kila siku: kula, kulala, kuoga, kufanya kazi. Mtu anayeoga kujipoza joto la Bugarama na mtu anayeoga janaba wote wanamwaga maji. Kinachowatofautisha ni nia. Ndiyo maana Imamu Bukhari aliifungua Sahihi yake kwa hadithi iliyopokewa na Umar bin al-Khattab (R.A.), inayotufundisha kwamba matendo yanategemea nia na kila mtu atalipwa kwa alichokikusudia.

Mlango huu ni mpana kuliko tunavyodhani. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipokuwa mgonjwa Makka, Mtume (S.A.W.) alimfundisha kwamba matumizi yoyote anayoyatoa kwa kutaka radhi za Allah yana malipo, hata tonge analomlisha mkewe. At-Tabarani amepokea kutoka kwa Kaab bin Ujra (R.A.) kwamba maswahaba walimwona kijana mwenye nguvu na bidii katika shughuli zake, wakatamani nguvu zile zingekuwa katika njia ya Allah. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba ikiwa kijana huyo ametoka kuwahangaikia watoto wake wadogo, au wazazi wake wazee, au kujizuia yeye mwenyewe asiombe watu, basi yuko katika njia ya Allah. Na ikiwa ametoka kwa kujionyesha na kujifaharisha, basi yuko katika njia ya shetani.

Angalieni jambo hili vizuri. Kijana ni yule yule na jasho ni lile lile, lakini njia zinaweza kuwa mbili.

Mitume wenyewe hawakuona haya kufanya kazi za mikono. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, lakini alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Mtume wetu (S.A.W.) aliwachungia watu wa Makka kondoo na mbuzi kwa malipo madogo, na baadaye akaifanyia biashara mali ya Bi Khadija (R.A.). Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina bila mali, nduguye Muansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea dua, kisha akaomba aonyeshwe sokoni. Alianza na jibini na samli.

Wazee wetu na kazi zao

Sisi Waislamu wa Rwanda tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Uislamu uliingia nchini pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani waliotoka pwani na Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika miaka ya ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wengi wa Kiislamu hawakuwapeleka watoto wao huko kwa kuhofia dini yao. Bila vyeti vya shule, kazi za ofisini ziliwapita. Wakashika biashara ndogo, cherehani, uchinjaji, udereva na ufundi wa magari. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ni wajukuu wa dereva au wa fundi.

Watu waliwaita wazee hao Waswahili, na wengine walilitumia jina hilo kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Leo mambo yamebadilika. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2017, na Waislamu wako katika kila fani. Lakini jina baya lilipokuwepo, lilijibiwa na fundi aliyerudisha chenji sawasawa na dereva aliyefikisha mzigo bila kupungua. Jamii iliyotuzunguka haikusoma vitabu vyetu. Ilisoma kazi zetu.

Nia inaonekana wapi?

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Nia iko moyoni, na moyo unaweza kumdanganya mwenyewe. Naweza kusema asubuhi, "Ee Allah, kazi yangu ya leo ni kwa ajili yako," na nikaamini kabisa kwamba nimenuia. Je, kuna njia ya kujipima?

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Mtume (S.A.W.) hakumlaumu mtu yule kwa sababu chakula kimelowa. Mvua ni ya Allah. Hakumuuliza hata nia yake. Aliingiza mkono mahali ambapo mnunuzi hafiki, na hapo ndipo palipoonyesha mtu yule alikuwa anamfanyia kazi nani.

Hili linalingana na ile hadithi ya Jibril (A.S.), pale alipouliza kuhusu ihsani. Jibu lilikuwa ni kumwabudu Allah kama kwamba unamwona, na ikiwa wewe humwoni, ujue kwamba Yeye anakuona. Sisi tumezoea kuifungia ihsani ndani ya swala. Lakini kama kazi ni ibada kweli, basi ihsani inaingia nayo. Na katika kazi, ihsani hupimwa pale ambapo bosi haoni, mteja haoni na mkaguzi haoni.

Kwa hiyo kipimo ninachowapendekezea ni hiki: tafuta sehemu ya kazi yako ambayo hakuna binadamu anayeiona. Mimi naiita chini ya gunia. Kila kazi inayo. Ukiwa mwaminifu hapo, una ushahidi kwamba nia yako ya asubuhi ilikuwa ya kweli. Usipokuwa mwaminifu hapo, kusema "kazi ni ibada" hakukusaidii kitu.

Chini ya gunia katika kazi za Rusizi

Ziwani. Wavuvi wa Kivu hutoka jioni na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa kuwavuta sambaza, na alfajiri wanarudi. Sambaza hawakuwemo katika ziwa hili tangu asili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha watu wa pande zote mbili za mpaka. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaane. Chini ya gunia la mvuvi ni usiku wa kipindi hicho, na tundu za wavu wake. Nani atamwona gizani akiingia na wavu wa matundu madogo unaobeba hata watoto wa samaki? Mvuvi anayeacha wavu huo nyumbani, huku mfuko wake ni mtupu, anafunga saumu ambayo watu hawaijui. Anawaachia chakula watu ambao hajawaona. Tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, na akala humo ndege, mtu au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Anayewaacha samaki wakue nina matumaini yuko karibu na mlango huo.

Kwenye ujenzi. Bugarama kuna kiwanda cha saruji, na mafundi waashi wako kila kijiji. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi yetu ilitikisika kwa nguvu. Makumi ya watu walifariki katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke na ng'ambo upande wa Kongo. Tetemeko ni qadar ya Allah, wala simnyooshei kidole fundi yeyote. Lakini tangu hapo kila fundi wa hapa anajua anachokijenga kitakuja kujaribiwa na nini. Chini ya gunia lake ni kipimo cha saruji na mchanga, na idadi ya nondo ndani ya nguzo. Lipu ikishapakwa, mwenye nyumba haoni tena kitu. Fundi anayeweka saruji kamili ndani ya ukuta ambao hautapasuliwa amefanya jambo kubwa, maana kuna watoto watakaolala chini ya ukuta ule miaka 30 ijayo.

Mpakani. Pale daraja la Rusizi ya kwanza, kina mama wengi huvuka kwenda Bukavu na nyanya, mayai, maziwa na samaki. Chini ya gunia la muuza nyanya ni zile za chini ya beseni. Hapo hapo wako wabadilisha fedha wenye faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Kazi yao ina hukumu zake ambazo wengi wetu hatuzisomi: kubadilisha fedha ya aina moja kwa nyingine kunaruhusiwa kwa bei mnayokubaliana, lakini ni lazima kila mmoja apokee chake papo hapo kabla hamjaachana. Kumwambia mtu "nipe dola zako sasa, faranga zako njoo uchukue kesho" ni kuingia katika riba ya kuchelewesha. Hapa tunajifunza kwamba nia njema haitoshi bila elimu. Mtu anaweza kunuia ibada kwa kazi ambayo hajui sheria yake.

Barabarani. Ndugu zetu motari wanabeba roho za watu kutwa nzima kwenye milima hii. Abiria anaona pikipiki iliyooshwa. Haoni breki. Dereva anayetumia pesa ya chakula cha mchana kubadilisha breki zilizokwisha amemkinga mja wa Allah na madhara, na abiria hatajua kamwe wala hatamshukuru.

Mwajiri naye ana chini ya gunia lake: mshahara wa kibarua asiye na mkataba. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshtaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake.

Uaminifu una gharama

Nisingependa somo hili lionekane jepesi, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua kwa karibu. Shangazi yangu anauza mchele wa Bugarama katika soko la Kamembe. Mimi nasomea uhasibu, na siku za mapumziko ninakaa naye mezani. Sehemu ya ada yangu inatoka kwenye meza ile. Shangazi ana desturi moja: gunia jipya likifika hulimwaga lote kwenye turubai kabla ya kuliuza, ili mchele wa juu na wa chini uchanganyike na mteja auone wote. Inachukua muda, na mgongo wake si wa kijana.

Alikuwa na mteja mmoja mkubwa, mnunuzi wa jiko la taasisi fulani, aliyechukua magunia mawili kila wiki. Siku moja mteja huyo akaomba risiti iandikwe faranga 2,000 zaidi kwa kila gunia. Bei atakayolipa ni ile ile, tofauti ataichukua yeye kwa waliomtuma. Hakuomba mchele upunguzwe. Hakuomba shangazi atoe hata faranga moja. Aliomba mwandiko tu.

Shangazi alimwambia, "Mwanangu, kalamu hii nayo ni mizani." Yule bwana akacheka, akachukua magunia yake kwa risiti sahihi, na hakurudi tena.

Wengi wetu tumezoea visa vinavyoishia vizuri: mtu anakataa haramu asubuhi, jioni anakuja mteja mwingine mara kumi yake. Hapa haikuwa hivyo. Muhula ule ada yangu ilichelewa, na nilimsikia shangazi akipiga hesabu peke yake usiku. Nilimuuliza kama anajuta. Akanijibu, "Riziki yangu iliandikwa kabla sijamjua yule. Ambacho hakikuandikwa ni jinsi nitakavyoichukua. Hicho nimeachiwa mimi."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Tunamkosea dini mtu tunapomwahidi kwamba uaminifu ni mbinu ya kupata faida. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Kilichoahidiwa ni baraka. Baraka inaweza kuja kama pesa nyingi, na inaweza kuja kama kidogo kinachotosha, usingizi usio na hofu, au mtoto asiyelishwa haramu. Anayekuwa mwaminifu ili apate wateja wengi ataacha uaminifu siku wateja watakapopungua. Anayekuwa mwaminifu kwa sababu Allah anaona chini ya gunia hana siku ya kuacha.

Mwaka 2020 mpaka wetu ulipofungwa kwa sababu ya korona, wengi hapa waliona jinsi kazi inavyoweza kukatika kwa tangazo moja. Aliyekuwa ameifanya kazi yake kuwa mungu wake alibaki mtupu. Aliyekuwa akimwabudu Allah kwa kazi ile alipoteza kipato, na kipato ni kitu kikubwa, lakini hakumpoteza aliyekuwa anamfanyia kazi.

Mipaka mitatu

Ili tusipotoke, tuweke mipaka.

Kwanza, nia njema haihalalishi haramu. Mtu hawezi kuuza pombe kwa nia ya kuwasomesha mayatima, wala kula rushwa kwa nia ya kujenga msikiti. Nia huigeuza kazi ya halali kuwa ibada; haina uwezo wa kuigeuza haramu kuwa halali.

Pili, kazi ni ibada, lakini haichukui nafasi ya swala. Katika Surat an-Nur Allah amewasifu wanaume ambao biashara haiwashughulishi wakaacha kumkumbuka na kusimamisha swala. Anayesema "kazi yangu ndiyo swala yangu" amekata mti anaoukalia. Na katika Surat al-Jumua tumeamrishwa kuacha biashara adhana ya Ijumaa inapoadhiniwa, na swala ikiisha tumeruhusiwa kutawanyika kutafuta fadhila za Allah huku tukimkumbuka sana. Msikiti na soko vimewekwa katika aya zinazofuatana.

Tatu, ibada yako isile haki ya mwajiri. Muda wa swala upatane nao mapema, swali, urudi kazini. Anayetumia dakika kumi za swala kama pazia la saa nzima ya mazungumzo ameiba muda wa mtu kwa jina la Allah, na hiyo ni mbaya kuliko wizi wa kawaida.

Na sisi wanafunzi?

Wengi wetu tunadhani somo kama hili ni la watu wazima, na kwamba sisi tutaanza kumtumikia Allah kwa kazi tutakapoajiriwa. Ndugu yangu, kusoma ndiyo kazi yako ya sasa. Chini ya gunia lako ni chumba cha mtihani msimamizi anapogeuka, ni kazi ya kikundi uliyoandikwa jina bila kushika kalamu, ni ada ya mzazi inayokwenda kwenye mambo asiyoyajua. Daktari aliyenakili majibu atakuja kumtibu mama wa mtu. Mhasibu aliyezoea kubadilisha takwimu za kazi ya nyumbani atakuja kuandika risiti kama ile aliyoombwa shangazi yangu, na yeye hatakataa.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Wapo wenzetu wanaofanya vibarua siku za mapumziko: kubeba saruji, kuuza sambaza na mama zao, kutuma pesa za watu kwa simu chini ya mwavuli. Wengi wanajificha wasionekane na wanadarasa wenzao. Wengine wamemaliza chuo na wanakaa nyumbani mwaka wa pili wakisubiri ofisi, huku shamba la mpunga la baba linahitaji mikono. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akabeba kuni mgongoni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Na kwetu sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, mmoja wa wanazuoni wetu wakubwa, al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria, alikuwa fundi wa makufuli hodari hadi alipofikia miaka 30 hivi, ndipo akaingia katika kutafuta elimu. Jina lake la heshima katika vitabu vya fiqhi, al-Qaffal, ni jina la kazi ile ya makufuli. Halikufutwa. Sisi tunaona haya kwa kazi iliyotulipia daftari.

Zoezi la wiki hii

Chukua siku saba, ufanye mambo matatu.

1. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi au masomo, taja moyoni mwako ni nani atakayenufaika na kazi yako ya leo: mzazi, mteja, abiria, mgonjwa wa baadaye. Kisha nuia kumnufaisha kwa ajili ya Allah. Nia yenye mtu ndani yake haisahauliki haraka.

2. Andika mahali pako pa siri: sehemu moja ya kazi yako ambayo hakuna anayeikagua. Kwa siku hizo saba ifanye sehemu hiyo vizuri kuliko zote, wala usimwambie mtu.

3. Kila usiku jiulize: kama mkono ungeingizwa leo chini ya gunia langu, ungekuta nini? Ukikuta unyevu, kesho uweke juu. Mwambie mteja, mrudishie aliyepunjwa, mwombe msamaha aliyecheleweshwa.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja kazi unayoijua vizuri ambayo haikutajwa hapa. Chini ya gunia lake ni wapi?

2. Mteja wa shangazi hakumpunguzia mtu mchele wala hakumgharimu muuzaji chochote. Kwa nini basi kuandika risiti ile kungekuwa dhulma? Nani angedhulumiwa?

3. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka umuganda. Ni ipi tofauti kati ya anayetoka kwa kuogopa kuulizwa na anayetoka kwa nia ya ibada? Tofauti hiyo itaonekana kwenye jembe au moyoni tu?

4. Kuna kazi ya halali ambayo wewe unaona haya kuifanya? Haya hiyo inatoka kwenye dini au kwenye macho ya watu?

Namwomba Allah azitakase nia zetu, aipe baraka mikono ya wazazi wetu wanaotuhangaikia, awalinde wavuvi wetu usiku na wasafiri wetu barabarani, na atufanye tuwe wale wale mbele ya watu na tukiwa peke yetu. Lililo sahihi katika haya linatoka kwa Allah, na lenye upungufu ni langu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.